Bibi Asiye na Hati: Kumfuatilia Siti binti Saad na Wanawake wa Kazi wa Unguja katika Kumbukumbu za Kihistoria

1.0 Utangulizi

Katika familia nyingi za Unguja, nasaba husomwa kwa upande wa baba. Jina la mtu hufuatwa na la baba yake, kisha la babu yake, na kwa njia hiyo mjukuu huweza kupanda vizazi vitatu au vinne bila ya kutamka jina la mwanamke hata mmoja. Bibi akitajwa, aghalabu hutajwa kwa kazi yake: alikuwa mfinyanzi, alichuma karafuu, aliuza vitumbua, alifua nguo za watu. Alizaliwa wapi, wazazi wake walitoka wapi na kwa nini alihamia mjini ni maswali ambayo mara nyingi hujibiwa kwa ufupi, au hayajibiwi kabisa.

Makala haya yanachunguza namna mwanamke wa aina hiyo anavyoweza kufuatiliwa katika kumbukumbu zilizobaki. Mfano mkuu ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyezaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880, na kufariki mwaka 1950. Siti amechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, kabla ya kuwa mwimbaji alikuwa mwanamke wa kazi kama maelfu ya wenzake: mtoto wa watu waliokuwa chini ya utumwa, mfinyanzi na mchuuzi wa vyungu. Pili, ni miongoni mwa wanawake wachache mno wa tabaka lake walioandikiwa wasifu na kurekodiwa sauti zao. Ikiwa hata kwake yeye miaka thelathini ya mwanzo imeacha alama chache kiasi hiki, hali ya wale wasiopata umaarufu inaweza kukadiriwa.

Hoja inayojengwa ni kwamba karatasi humwonesha mwanamke wa kazi pale tu maisha yake yalipogusa mali, amri au faida ya mtu mwingine. Kwa hiyo, anayemtafuta bibi yake hana budi kuanza na karatasi za hao wengine, na kila karatasi aisome kwa kuuliza nani aliiandika na alitaka nini. Pale karatasi zinapokoma, jina la mwanamke mwenyewe na ukimya wa familia yake hugeuka kuwa ushahidi unaohitaji kusomwa kwa uangalifu uleule.

2.0 Jina na tarehe

Siti hakuzaliwa akiitwa Siti. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Jina alilokuja kulivaa baadaye lina asili ya Kiarabu na maana yake ni bibi au mwanamke mwenye heshima. Katika majina hayo mawili kuna safari nzima ya maisha: kutoka jina linalomweka mtu chini ya mwingine hadi jina linalowalazimu wengine kumtamka kwa adabu kila wanapomwita.

Hata hivyo, jina peke yake halitoshi kuthibitisha hali ya mtu. Katika mwambao, mtoto wa waungwana pia aliweza kuitwa Mtumwa kwa unyenyekevu mbele ya Mwenyezi Mungu, ambaye waja wote ni watumwa wake. Kwa Siti, jina hilo linapata uzito kwa kuwa linakubaliana na habari nyingine zinazojulikana kuhusu wazazi wake. Kanuni inayotokana na mfano huu ni kwamba jina ni dalili, nayo dalili hutafutiwa mwenzake. Majina kama Mabruki, Feruzi na Baraka yalitumika sana miongoni mwa watumwa wa Unguja, lakini mjukuu anayeyakuta katika nasaba yake asikimbilie hitimisho kabla ya kupata ushahidi wa pili. Vilevile, jina la baba lililoandikwa “Abdallah” linahitaji tahadhari. Kwa desturi ya Waislamu, mtu ambaye baba yake hakujulikana, au hakuwa Mwislamu, aliweza kunasibishwa na jina hilo. Hivyo, “binti Abdallah” katika karatasi yaweza kuwa ni jina la baba halisi, na yaweza pia kuwa pengo lililosetiriwa.

Tatizo la pili ni tarehe. Wazee walihesabu umri kwa matukio na tawala, si kwa mwaka wa kalenda. Mwimbaji Fatuma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, hakujua tarehe yake ya kuzaliwa. Alichoeleza ni kwamba alizaliwa wakati rupia ingali ndiyo fedha. Kauli ya namna hiyo huonekana haina faida kwa mtafiti, lakini ina mpaka. Shilingi ya Afrika Mashariki ilichukua nafasi ya rupia Zanzibar mwaka 1936, kwa hiyo aliyezaliwa wakati wa rupia hakuzaliwa baada ya mwaka huo. Kadhalika, mzee akisema bibi yake alizaliwa baada ya tufani kubwa iliyoangusha mikarafuu, tukio hilo ni la mwaka 1872. Akisema alikuwa kigoli mizinga ilipolipiga Kasri, siku hiyo ni tarehe 27 Agosti 1896. Kwa kuunganisha matukio mawili au matatu, umri wa mtu asiye na cheti huweza kubanwa ndani ya miaka michache.

3.0 Amri ya mwaka 1897 na wanawake iliowaacha

Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku na soko la watumwa mjini Zanzibar likafungwa mwaka 1873, zama za Sayyid Barghash. Utumwa wenyewe uliendelea. Ni tarehe 6 Aprili 1897, wakati wa Sayyid Hamoud bin Mohammed, ndipo ilipotolewa amri iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Amri hiyo haikumwacha huru kila mtu kwa siku moja. Mtumwa aliyetaka uhuru alipaswa kuuomba mahakamani, bwana wake aliweza kulipwa fidia, na aliyeachwa huru alitakiwa kuonesha ana makazi na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji.

Kwa mtafiti wa familia, utaratibu huo una maana kubwa. Karatasi zilizaliwa pale palipokuwa na dai la fidia, na karatasi ya fidia huandikwa kwa ajili ya mlipaji na mlipwaji. Mtumwa humo ni kitu kinachohesabiwa. Aliyetaka kumpata bibi yake katika kumbukumbu hizo atafute kwanza jina la bwana, kisha shamba, kisha ndipo ashuke hadi kwa mtu mwenyewe. Aidha, watumwa wengi hawakwenda mahakamani kabisa. Walibaki katika mashamba kwa makubaliano mapya ya kufanya kazi siku kadhaa kwa wiki badala ya kulipa kodi ya mahali pa kuishi, au waliondoka bila ya kuaga. Kukosekana kwa jina katika orodha ya walioachwa huru, kwa hiyo, si uthibitisho kwamba mtu hakuwa mtumwa.

Lipo kundi moja ambalo amri ya 1897 ililiacha kwa makusudi, nalo ni masuria. Sheria iliwahesabu kuwa na nafasi kama ya wake, wakabaki katika nyumba za mabwana zao, isipokuwa pale suria alipolalamikia ukatili. Ni amri ya mwaka 1909 iliyowafungulia nao mlango. Kwa muda wa miaka 12, basi, mwanamke mmoja shambani aliweza kuomba uhuru wake, na mwenzake aliyelala ndani ya nyumba ya bwana huyohuyo asiweze. Watoto wa suria na bwana wake walikuwa huru na walirithi kwa baba yao. Wajukuu wao leo hubeba jina la ukoo wa babu bila ya shaka yoyote. Ni rahisi kuona kwa nini katika simulizi za familia bibi wa namna hiyo huitwa mke, na habari zake kuishia hapo. Neno hilo linaweza kuwa la kweli, na linaweza kuwa heshima aliyopewa na watoto wake baada ya kifo chake. Mtafiti anayekuta ndoa isiyo na mahari, isiyo na walii na isiyo na jina la baba wa mke ana sababu ya kuuliza zaidi.

Siti, kama alizaliwa yapata 1880, alikuwa na umri wa miaka kama 17 amri ya kwanza ilipotoka. Mabadiliko hayo ya sheria yalimpata akiwa msichana mkubwa, katika kijiji cha pwani ambako kalamu ya serikali ilifika kwa nadra.

4.0 Kazi isiyoandikwa

Ufinyanzi alioufanya Siti haukuhitaji leseni wala mkataba. Udongo ulichimbwa, ukakandwa, ukafinyangwa na kuchomwa na wanawake wenyewe. Vyungu vilibebwa kichwani hadi kwa wanunuzi, na fedha ikaingia mkononi bila ya stakabadhi. Inasimuliwa kwamba Siti alivinadi vyungu vyake kwa kuimba, na kwamba sauti hiyo ndiyo iliyomtangulia mjini. Katika uchumi wa namna hii hakuna daftari ambalo jina la mfanyakazi lingeandikwa.

Kazi ya karafuu iliacha karatasi nyingi zaidi, lakini za aina nyingine. Wachumaji walilipwa kwa pishi, yaani kwa kipimo cha walichochuma, na wanawake walikuwa sehemu kubwa ya nguvukazi hiyo pamoja na kazi ya kuchambua na kuanika. Hesabu za mashamba huonesha wingi wa karafuu, bei na gharama za uchumaji. Nyuma ya kila jumla kuna mikono isiyotajwa. Hesabu hizo hazitampa mjukuu jina la bibi yake, ila zitamwambia msimu ulikuwa lini, mwaka upi mavuno yalikuwa haba, na kwa hiyo mwaka upi mwanamke asiye na shamba alikuwa na sababu ya kuondoka. Taarifa ya aina hii haithibitishi kwamba aliondoka kwa sababu hiyo. Inaeleza mazingira ambamo uamuzi wake ulifanyika, na mtafiti mwaminifu hutofautisha mambo hayo mawili kila anapoandika.

5.0 Mjini: kiwanja, mirathi na sensa

Siti alihamia mjini mwaka 1911, mwaka uleule Sayyid Khalifa bin Harub alipoanza kutawala. Hakuwa peke yake. Baada ya 1897 watu wengi wa mashamba walivuka kwenda Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe. Huko mtu aliweza kujenga nyumba ya miti na udongo juu ya ardhi ya mwingine, akawa mmiliki wa nyumba bila ya kumiliki kiwanja, na akalipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi.

Mgawanyo huo kati ya nyumba na ardhi ni baraka kwa mtafiti. Mwanamke mwenye kibanda Ng'ambo alikuwa mdaiwa wa mtu, na mdaiwa huandikwa. Wakazi wa Ng'ambo walipogoma kulipa kodi ya viwanja mwaka 1928, ugomvi wao na wenye ardhi ulifika mahakamani na katika mafaili ya serikali. Mtu ambaye hakuwahi kuandikwa alipokuwa akilipa kwa utulivu aliweza kuandikwa siku alipokataa kulipa.

Chanzo cha pili ni mirathi. Katika sheria ya Kiislamu, aliyemwacha huru mtumwa ana uhusiano naye unaoitwa walaa, na mtu huyo akifa bila ya warithi wa damu, bwana wa zamani au warithi wake waliweza kudai mali yake. Hivyo kifo cha mwanamke mwenye kitanda, vipuli vya fedha na doti chache za kanga kiliweza kuzua shauri ambalo maisha yake yote hayakulizua. Ndani ya shauri hilo mashahidi huulizwa marehemu alikuwa nani, alitoka wapi, aliishi na nani, na nani alimuuguza. Majibu yao ni wasifu uliovunjikavunjika. Lakini kila shahidi ana anachokitaka: mmoja anadai alikuwa ndugu, mwingine anadai alikuwa mahuru wa baba yake. Mtafiti asichague jibu linalompendeza, bali aeleze ni dai la nani.

Karibu na mirathi zipo hati za wakfu. Baadhi ya matajiri waliweka wakfu nyumba au shamba kwa ajili ya waliowaacha huru na vizazi vyao. Kamisheni ya Wakfu ilipoundwa mwaka 1905, mali hizo ziliingia chini ya usimamizi wa serikali, na sehemu ya kumbukumbu zake imehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Kilimani. Familia inayoishi katika nyumba ya wakfu bila ya kujua kwa nini ina haki hiyo yaweza kupata jibu humo, na jibu likawa si lile ililolitarajia.

Chanzo cha tatu ni sensa, nacho kinataka tahadhari kuliko vyote. Katika sensa ya 1924, takribani watu 34,000 walihesabiwa kuwa Waswahili. Katika ile ya 1931 idadi hiyo ilishuka hadi takribani 2,000. Watu hawakufa wala hawakuhama kwa kiasi hicho. Walibadilisha jina walilojiita, kwa kuwa neno “Mswahili” lilikuwa limeshikamana na kumbukumbu ya utumwa, na kwa kuwa majina mengine yalikuwa na heshima au manufaa zaidi. Mwanamke mmoja aliweza kuwa Mswahili katika mwaka mmoja na Mshirazi katika mwaka mwingine. Sensa, kwa hiyo, haimwambii mjukuu asili ya bibi yake. Inamwambia ni asili ipi iliyokuwa na thamani mwaka huo.

6.0 Santuri, wimbo na wasifu

Mwaka 1928 Siti na wapigaji wake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa lebo ya HMV. Hapo ndipo jina lake lilipoingia katika karatasi kwa wingi, na sababu ni ileile: kampuni ilikuwa na bidhaa ya kuuza, na kila upande wa santuri ulihitaji namba, jina la mwimbaji na lugha. Mwanamke ambaye miaka ya kazi ya udongo haikumwandika, aliandikwa na safari moja ya kibiashara. Tofauti ni kwamba santuri ilihifadhi sauti yake pia, na ndani ya sauti hiyo wamo wanawake wengine.

Wimbo wake unaomhusu Kijiti ni mfano bora. Unasimulia kisa cha kweli cha mauaji ya mwanamke mgeni, mjamzito, ambapo mtuhumiwa alitoroka kwenda bara na adhabu ikawaangukia wanawake waliohusishwa na ulevi wa siku ile. Mahakama iliwaandika wanawake hao kama washitakiwa. Wimbo uliwaweka mbele ya wasikilizaji kama watu waliodhulumiwa. Mwanahistoria Laura Fair ameonesha jinsi nyimbo za Siti, pamoja na kumbukumbu za wazee waliozisikia, zinavyofichua mtazamo wa Ng'ambo kuhusu haki, mtazamo ambao mafaili ya serikali hayana. Mjukuu ambaye bibi yake hakuwa mwimbaji anaweza bado kumkuta katika wimbo, kwa jina la utani au kwa kisa kilichompata.

Siku za mwisho za uhai wake, Siti alionana na Shaaban Robert, ambaye baadaye aliandika Wasifu wa Siti binti Saad. Kitabu hicho ndicho chanzo kikuu cha habari za utoto wake. Thamani yake haina shaka, lakini nacho kina mwandishi mwenye nia. Shaaban Robert alitaka maisha ya Siti yawe funzo kwa wasomaji, na mtu anayesimulia utoto wake akiwa mzee mashuhuri huuona utoto huo kupitia mwisho wake. Umaskini wa Fumba katika wasifu ni mwanzo wa ngazi. Mwaka 1900, kwa mfinyanzi mwenyewe, haukuwa na ngazi yoyote inayoonekana.

7.0 Ukimya wa familia

Waliomwonea Siti choyo walimkejeli kwa wimbo kwamba ametoka shamba na hana uzuri. Naye alijibu kwa wimbo, akitukuza akili na tabia njema juu ya sura. Asili yake ilikuwa silaha mikononi mwa wengine, na aliishi muda wa kutosha kuipokonya makali. Wanawake wengi hawakuwa na jukwaa la kujibu. Walijibu kwa kunyamaza, na watoto wao wakarithi ukimya huo.

Ukimya wa namna hiyo usichukuliwe kuwa ni ujinga au usahaulifu. Mara nyingi ulikuwa ulinzi. Binti aliyeficha kwamba mama yake aliachwa huru alikuwa akilinda ndoa ya mwanawe, kwa kuwa katika kuposa watu waliuliza asili. Anayefukua leo ana wajibu wa pande mbili: kwa ukweli, na kwa jamaa walio hai ambao bado wanaweza kutukanwa kwa ukweli huo. Njia inayofaa ni kuwashirikisha wazee tangu mwanzo, kuwauliza kwanza kuhusu kazi, vyakula, mavazi, jirani na safari kabla ya kuuliza asili, na kukubali kwamba jambo fulani linaweza kujulikana ndani ya nyumba bila ya kuchapishwa nje yake.

8.0 Hitimisho

Mfano wa Siti binti Saad unaonesha kwamba mwanamke wa kazi hakukosekana katika historia. Alikosekana katika sehemu ambayo mtafiti huitazama kwanza, yaani karatasi yenye jina lake juu. Yumo katika fidia ya bwana, katika deni la mwenye kiwanja, katika shauri la mirathi, katika hati ya wakfu na katika bidhaa ya kampuni ya santuri. Kila moja humwonesha kwa kitambo kidogo na kwa haja ya mwandishi wake, na hakuna hata moja inayojitosheleza.

Kwa hiyo, kazi ya kumwandika bibi ianze kwa wazee walio hai, ipite kwa waliommiliki, waliomkodisha na waliomshitaki, kisha irudi tena kwa wazee na maswali mapya. Karatasi za Kilimani zinaweza kungoja mwaka mwingine. Ajuzi anayekumbuka bibi yake aliitwaje kabla hajabadilishwa jina hawezi kungoja, na akiondoka bila ya kuulizwa, hakuna faili litakalojaza nafasi yake.